Kinachowafanya Waromania wafoke: jibu kwa mpwa wangu

Mpwa wangu, baada ya kutazama video za rapu nilizokutumia uliniuliza watu wa huku Romania wana shida gani hata wafoke vile, ilhali wamo Ulaya na wana treni za chini ya ardhi. Nilicheka, kwa sababu nami niliwaza hivyo hivyo nilipofika Bucharest.

Zirudie video za B.U.G. Mafia, kundi lililoanza 1993 katika mtaa wa Pantelimon hapa Bucharest, uyaangalie yale maghorofa ya zege yaliyopangwa kama masanduku bandarini. Yalijengwa kwa wingi zama za Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti, ili wafanyakazi wa viwandani wapate makazi. Utawala wake ulipoangushwa Desemba 1989, viwanda vingi vikafa katika miaka iliyofuata, na vijana wakabakiwa na ngazi za kukalia. Nami nakaa kwenye ghorofa la namna hiyo. Majuzi maji ya moto yalikatika siku nne kwa sababu bomba kuukuu lilipasuka, na majirani walilipokea jambo hilo kama ninyi mnavyopokea mgawo wa umeme.

Neno moja nililijua kabla sijaanza darasa la lugha: șpagă. Ndiyo ile "chai" yetu, ila huku aghalabu hutiwa kwenye bahasha, hata ya daktari. Wanaoyasema mambo ya aina hii kwa ukali zaidi, kwa maoni yangu, ni Paraziții, kundi jingine la rapu. Mwaka 2004, baada ya baraza linalosimamia redio na televisheni kuiwekea vikwazo video yao, walijibu kwa nyingine iitwayo Jos cenzura, yaani udhibiti na ukome. Ninyi mliozoea nyimbo kufungiwa na BASATA mtauelewa utamu wake.

Hata hivyo, sitawasifu kupita kiasi. Katika nyimbo nilizozisikia, mafundi hawa wa kuwatukana wanasiasa hawana maneno mengi kuhusu watu wa jamii ya Waroma (jamii ya wachache, usiwachanganye na Waromania), ambao walikuwa watumwa katika ardhi hii hadi miaka ya 1850 na ambao hadi leo nasikia wakisemwa vibaya ndani ya basi. Wanawake nao, mara nyingi, ni mapambo ya video. Mimi mtu mweusi nayaona haya upesi kuliko rafiki zangu wa hapa.

Kuhusu kuja, sikukatazi. Ila mwenzangu kazini, ambaye kaka zake wawili wanachuma matunda Hispania, aliniuliza: "Sisi tunaondoka, wewe umefuata nini?" Nilimwambia nimefuata mshahara, naye akataka kujua ni upi.