Mlango Ule Ule Kila Siku

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaochora na wanaotunga, na karibu wote wana lalamiko moja: mji wameuzoea, hawaoni tena cha kuwagusa.

Nakaa Shangani, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, kazi yangu iko Darajani. Kila siku napita milango ya kuchonga zaidi ya kumi. Nikitoa daftari sijui pa kuanzia, na nikichora mlango mzima unatoka kama sanduku. Nifanyeje?

Kinachokuponza ni huo "mlango mzima". Chagua mlango mmoja ulio njiani kwako, na katika mlango huo chukua mwimo mmoja tu, yaani mti wa wima wa ubavuni, wa kulia au wa kushoto. Nakshi ya mwimo mara nyingi ni umbo moja linalojirudia toka chini hadi juu: yungiyungi, samaki, mnyororo, mawimbi. Tafuta umbo linapoanzia na linapoishia. Lipime kwa uzi, macho yanadanganya: funga fundo mwanzo, jingine mwisho, kisha upandishe uzi huo huo ukihesabu. Hesabu isipokaa sawa, ikawa mara tisa na nusu kwa mfano, usidhani umekosea. Fundi alichonga kwa mkono, na nafasi ilipombana alilifinya umbo au alilikata.

Pa kutazama khasa ni penye pembe, mwimo unapokutana na ubao wa juu. Mnyororo unaopanda haupiti kona wenyewe. Lazima fundi aamue: aukatishe kwa ua, aupinde, au auache ufe hapo na jambo jingine lianze. Chora pembe hiyo kwa ukubwa wa kiganja, mlango uliobaki uache.

Ukichora, anza na mstari wa kati wa umbo, halafu nusu moja. Nusu ya pili usiikisie, maana hunenepa. Kunja karatasi kwenye ule mstari, iweke kwenye kioo cha dirisha penye mwanga, na ufuatishe. Dakika 15 kwa siku zinatosha, kwa penseli ya 2B na bila rangi. Ukianza na vijani vidogo kabla ya mhimili, umbo zima litapinda na hutajua limepinda wapi.

Kuhusu mwanga: husemwa tuepuke jua la mchana. Kwa picha ya uso wa mtu ni kweli, kwa nakshi sivyo. Katika vichochoro vyetu jua hufika mlangoni muda mfupi tu, nalo linateremka likiambaa ukuta. Hapo kila mchoro hutupa kivuli chake chini na kina kinaonekana. Mlango unaotazama mashariki uendee kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu. Wa magharibi, kuanzia saa saba na nusu hadi saa tisa. Unaotazama kusini hupata jua kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi, na msimu wa upepo wa kusi uko kivulini siku nzima. Wa kaskazini ni kinyume chake.

Usibandike karatasi juu ya nakshi ukasugua kwa kalamu ya rangi. Michoro hii ina kina, karatasi huchanika, mafuta ya mbao huacha doa kwenye karatasi yako na rangi yako hubaki kwenye mbao ya mtu. Mlango una mwenyewe: piga hodi, toa salamu, ndipo utoe uzi.

Jambo dogo: ubao wa juu ukiwa bapa, aghalabu mtindo ni wa zamani, tao la nusu duara lilikuja baadaye, kwa athari ya Kihindi. Na kila mchoro uandikie tarehe na mtaa. Majengo hayadumu: Beit el Ajaib, jumba la kifalme la hapa mjini, ilijengwa 1883, na Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka.

Nachora mashua pale Malindi, lakini kila nikifika maji yameshazinyanyua na zimegeuka upande mwingine.

Fuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kabisa karibu na saa nne na saa tano asubuhi, na mashua hulala ubavu. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Fika saa moja kabla ya maji kukauka: utapata karibu saa mbili ambazo chombo hakitikisiki. Baada ya hapo maji hurudi kwa kasi, kwa hiyo mkeka wako uweke juu.

Mimi niko Wete, Pemba. Mnasema milango na majumba, huku kwetu nitatoa wapi?

Huko kwenu kuna karafuu, na hiyo ni skuli ya rangi. Msimu ukifika, zikishachambuliwa makonyo na kuanikwa kwenye majamvi, chukua chembe moja kila jioni kutoka jamvi lile lile na upake rangi yake kwenye kijisanduku cha sentimita mbili. Kwa jua zuri utapata vijisanduku vinne hadi sita, kutoka kijani chenye wekundu hadi kahawia iliyoiva, na utaona kichwa kinabaki cheupe kuliko mwili wa chembe. Usitumie rangi nyeusi ya tyubu, inaziua rangi nyingine. Changanya kahawia na buluu. Chembe usiigandishe kwenye daftari kwa sababu mafuta yake hupenya karatasi. Zikilowa mvua zikachacha hupauka. Na huo mpauko uuchore, hutaupata dukani.

Msimu ukipita, toa kanga kuukuu. Funika pindo zote kwa kitambaa cheupe utazame mji, yaani sehemu ya kati, peke yake, kisha funika mji utazame pindo. (Waliouita "mji" hawakukosea: ndani watu, nje ukuta.) Utagundua mara nyingi pindo ndiyo inayobeba kanga.

Natunga mashairi ya taarab, lakini maneno yangu ni ya kitabuni, hayana ladha ya mtaa.

Basi nenda sokoni na masikio, kalamu iwe mfukoni. Nyimbo nyingi za asili, za vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa (1905) na Culture (1958), zimejengwa kwa mizani, yaani silabi, nane kwa nane, na Kiswahili cha kila siku huangukia humo bila kulazimishwa. Muuza samaki akikwambia "leo samaki hakuna, bahari imechafuka", hesabu: nane, nane. Kazi yako ni kumjibu kwa vina vyake, *na* katikati na *ka* mwishoni:

*Leo samaki hakuna, bahari imechafuka*
*Hata dagaa hapana, mtumbwi haujafika*

Wanaokosea husahau kwamba *m* ya "mtumbwi" ni mizani kamili: m-tu-mbwi, tatu. Wengine huhesabu kwa kumsikiliza mwimbaji, naye huivuta silabi moja hata ikawa nne; hesabu kwenye karatasi. Rusha roho, taarab ya kisasa, haijifungi sana na hesabu hii, kwa hiyo usiifanye kipimo chako.

Ubeti wa wimbo ni mistari mitatu. Wa tatu mletee muuza samaki huyo, umsomee kwa sauti, akicheka, uandike.