Kwa nini aliyekamatwa na unga mbele ya majirani aliachiwa?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Mtaani kwetu alikamatwa mtu na kete za heroini, mjumbe akiwepo. Mahakama Kuu ikamfunga, Mahakama ya Rufani ikamwachia. Tunaambiwa mnyororo wa vielelezo ulikatika. Ni mnyororo gani? Na hawezi kushtakiwa tena?

JIBU: Shikamoo mama. Wengi wanaoniuliza hivi huwa wameshajijibu kwamba jaji kahongwa. Kwa ulivyoieleza kesi hii, kosa lilifanyika kabla jalada halijamfikia jaji yeyote, pengine usiku uleule wa kukamatwa.

Kete haina jina la mtu. Ikichanganyika na za kesi nyingine ndani ya kabati la kituo, hakuna awezaye kuitambua kwa macho. Ndiyo maana mahakama inataka kujua kama unga ulioletwa mbele yake ndio uleule uliotoka kwa mshtakiwa, na hilo hujulikana kwa kufuata mikono yote iliyoushika. Huo ndio mnyororo wa vielelezo, na mkono mmoja usiojulikana huukata. Askari aliyekamata alimkabidhi nani, saa ngapi? Mtunza vielelezo aliuandika kwenye rejista kwa namba gani? Nani aliupeleka kupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lakiri (muhuri wa kufungia) ilikuwa nzima ulipopokelewa, na ulirudi kwa njia ipi? Mahakama ya Rufani iliyaeleza haya katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007: ziwepo kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa wakati, tangu kielelezo kinakamatwa.

Baadaye, katika shauri la Chacha Jeremiah Murimi na wenzake (Na. 551 ya 2015), ilisema karatasi si njia pekee, maelezo ya mdomo ya mashahidi nayo yanaweza kuziba pengo. Nakubaliana nayo kwa kitu kama gari, ambalo halibadilishwi kirahisi. Kwa unga, nisingethubutu kuitegemeza kesi juu ya kumbukumbu ya askari aliyekwisha kuhamishwa vituo vitatu.

Panapoumiza zaidi ni hesabu na uzito. Chukua mfano: hati ya ukamataji inasema kete 47, Mkemia anapokea 50. Hizo tatu zimetoka wapi? Hapo wakili wa utetezi hahitaji hoja nyingine. Uzito nao hutofautiana kwa sababu askari hupima pamoja na nailoni, Mkemia hupima unga wenyewe. Tofauti hiyo inaelezeka, ila lazima shahidi aieleze mahakamani, maana uzito ndio unaoamua kifungo: chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kama ilivyorekebishwa, biashara ya heroini isiyozidi gramu 200 ni miaka 30, na ikizidi hapo ni maisha. Mtu hafungwi maisha kwa kukisia.

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Nilifurahi sana. Nikawafikiria pia wale watakaokesha wakiweka alama kwenye kila kifurushi, kwa sababu shehena kubwa namna ile inaweza kuponyoka mahakamani kwa ukurasa mmoja usiojazwa.

Kuhusu kushtakiwa tena: Mahakama ya Rufani inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, lakini tangu shauri la Fatehali Manji la 1966 msimamo ni kwamba amri hiyo haitolewi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwa kesi hiyohiyo, basi, imekwisha. Akikamatwa na mzigo mwingine, hilo ni kosa jipya.

Najua jibu hili halikupunguzii uchungu, mama, na wewe una watoto wa kulinda hapo mtaani. Lakini mjumbe wenu ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Akiitwa tena kushuhudia upekuzi, aombe kete zihesabiwe kwa sauti mbele yake na mbele ya mtuhumiwa. Aangalie zikifungwa na kutiwa lakiri palepale, asome idadi iliyoandikwa, ndipo atie saini. Akiletewa karatasi tupu asaini kisha ijazwe kituoni, akatae.