Nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni: jibu kwa mwalimu wa Kakamega

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Kakamega. Jumapili napiga gitaa kanisani, na Jumamosi nasaidia bendi ndogo ya benga. Nina gitaa moja tu, kavu (lisilo la umeme), la nyuzi za nailoni. Vijana wa bendi walilalamika kwamba halisikiki, na fundi mmoja sokoni akaniambia nibadilishe nyuzi tu, niweke za chuma. Sasa ni miezi miwili. Nyuzi zimepaa hadi vidole vinauma, na nyuma ya daraja, kile kipande cha mti tumboni zinakofungiwa nyuzi, naona ufa mwembamba. Yule fundi anasema atatia supaglu. Halafu kuna jambo linanisumbua: wapiga gitaa wakubwa hupanda jukwaani na magitaa mawili au matatu, wanabadilisha kila baada ya nyimbo chache. Ni madoido, au kuna sababu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda ukalegeze nyuzi zote sita mpaka zining'inie, kisha urudi. Na huyo fundi mwambie supaglu yake akabandikie soli za viatu.

Swali lako naletewa karibu kila wiki hapa Kisumu, na mara nyingi gitaa lenyewe hufuata nyuma likiwa limefungwa kwa leso kama mgonjwa. Mwezi uliopita niliwekewa moja mezani. Nilichukua risiti ya duka nikaisukuma chini ya daraja kutokea nyuma, ikaingia hadi nusu bila kukwama. Nikalaza rula tumboni, ikawa inabembea huku na huku kwa sababu ubao umevimba. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) nyuzi zilikuwa juu kwa milimita 6, na gitaa la aina hiyo linataka 3 hadi 4 tu. Mwenyewe akaniuliza kama ni unyevu wa ziwa. Unyevu una makosa yake, na gitaa likitoka mahali pakavu kuja huku ziwani hupanda nyuzi kidogo lenyewe. Lakini ziwa halijawahi kung'oa daraja kwa miezi miwili.

Kilichong'oa ni uzito. Seti ya kawaida ya nailoni ikishakazwa kwenye sauti yake huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Seti nyepesi ya chuma ya gitaa kavu huvuta zaidi ya kilo 70. Tofauti ni kilo 30 na ushei, yaani jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji na nyingine iliyofika nusu, zimetundikwa kwenye daraja lako usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Wanaokwambia "nyuzi ni nyuzi" hawajawahi kuubeba huo mzigo wala kuuwaza.

Chungulia tunduni kwa tochi ya simu utaona kwa nini halikuweza. Ndani ya gitaa la nailoni kuna vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama mbavu za upepeo. Mpangilio huo ulikomazwa Uhispania na Antonio de Torres katika karne ya 19, na kazi yake ni kuuacha ubao utetemeke kwa mguso mdogo tu wa kidole. Gitaa la chuma lina miti minene zaidi iliyopishana kama herufi X, njia iliyotumiwa na kampuni ya Martin ya Marekani tangu miaka ya 1840. Hata nyuzi zinashikwa tofauti. Kwenye la chuma, kila uzi una kidonge mwishoni, unapenya daraja na ubao, kisha kidonge kinajishika kwa ndani kwenye kipande cha mti mgumu. Kwenye lako, nyuzi zimefungwa fundo juu ya daraja, na daraja lenyewe limeshikwa na gundi peke yake. Hakuna kitu kingine chini. Shingoni nako, gitaa la chuma lina fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya mti ili kuizuia isipinde. La nailoni kwa kawaida halina. Ukitazama kule juu unakokazia, zile rola nene za plastiki huenda tayari zimeliwa na uzi kama sabuni iliyokatwa kwa waya.

Hapa ndipo hasira yangu huanza, kwa sababu sisi watu wa huku ndio tungepaswa kulielewa jambo hili bila kufundishwa. Nyatiti la Wajaluo lina nyuzi nane, na obokano la Wakisii lina nyuzi nane vilevile. Hesabu ni moja. Lakini obokano ni kubwa mno, bakuli lake pana, sauti yake inanguruma kama kitu kinachotoka ardhini. Sijawahi kusikia mzee akimwambia mwenzake abadilishe nyuzi za nyatiti ili liwe obokano. Wala Mbukusu hajaambiwa litungu lake ni nyatiti lililopungukiwa. Kila mmoja anajua chombo ni sanduku, ngozi, urefu na nyuzi kwa pamoja. Gitaa likija kwenye boksi kutoka dukani, akili hiyo yote tunaiacha mlangoni.

Sasa wapiga gitaa wako wa jukwaani. Wapo wenye madoido, sikatai, nimekaza nyuzi za wengi wao. Lakini wengi wanabadilisha kwa sababu mkono na sikio vimewaambia. Gitaa kavu lina tumbo wazi; liweke mbele ya spika kubwa za harusi na tumbo linatetemeshwa na sauti yake mwenyewe, linaanza kulia mluzi hadi bibi harusi anaziba masikio. Gitaa la umeme la mwili mzima wa mbao halina tumbo la kutetemeshwa, ndiyo maana kampuni ya Fender walipoanza kuyauza mwaka wa 1950 bendi za kelele ziliyakimbilia. Kati ya hayo ya umeme nayo kuna ukoo na ukoo. La Fender kwa kawaida lina urefu wa uzi wa milimita 648 na pikapu za koili moja (pikapu ninayosema ni ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, imezungushiwa koili ya waya mwembamba, si ile ya kubebea kabichi), sauti yake nyembamba, safi, inakata. Solo ya benga inaishi hapo, maana wale waliouleta mdundo wa nyatiti kwenye gitaa walitaka kila noti isikike imesimama peke yake. Les Paul ya kampuni ya Gibson ni fupi kidogo, milimita 628, nyuzi zinalainika, na pikapu zake za koili mbili zina sauti nene ya kujaza chini. Mtu anayetoka kwenye solo kwenda kwenye rithimu nzito ana haki ya kubadilisha.

Sababu nyingine watu hawaioni: waimbaji. Mwimbaji akisema leo koo limekauka, shusheni nusu sauti, ukilegeza nyuzi zote sita papo hapo shingo nayo inapumua, inarudi nyuma, nyuzi zinaanza kukwaruza freti, na wimbo wa kwanza wote utakuwa unakaza na kulegeza mbele ya watu. Kapo, kile kibanio cha shingoni, haikusaidii, yenyewe hupandisha sauti tu. Kwa hiyo gitaa la pili liko tayari limeshushwa tangu mchana. Na uzi ukikatika katikati ya wimbo, la akiba lipo kwenye stendi.

Utaniuliza, mbona George Mukabi wa Kisa alitingisha nchi kwa gitaa kavu, na Abana ba Nasery wa Bunyore wakaongeza tu chupa ya Fanta ya kukwaruza? Kweli kabisa. Lakini walipiga omutibo, mtindo wa gitaa kavu wa Waluhya, na gitaa lao lilikuwa la kazi hiyo. Hawakulitaka Jumapili liwe la kwaya na Jumamosi lishindane na ngoma na besi ya umeme.

Nirudi kwa mafundi wa njia ya mkato, kwa sababu supaglu ndiyo dhambi yao ndogo. Supaglu ikishakauka huwa ngumu na yenye kuvunjika, inajaza vinyweleo vya mti, na gundi halali ya mbao haishiki tena juu yake. Nikija kuikwangua, nyuzinyuzi za ubao hutoka nayo. Kazi ambayo ingekuwa ya kusafisha, kupaka gundi na kubana kwa siku nzima inageuka kuwa ya kupandikiza mti mpya. Wengine hupigilia skurubu kupitia daraja. Nimezitoa kwa mkono wangu, mbili kubwa za bawaba za mlango.

Kuna wanaotoboa gitaa la nailoni na kulitia pikapu ya sumaku "liwe la stima". Kijana mmoja aliniletea la namna hiyo. Fundi alipoona halitoi sauti alimwambia anunue ampu (kikuza sauti) kubwa zaidi. Hata angeunganisha spika za uwanja mzima! Sumaku inahitaji chuma kinachotikisika juu yake. Nailoni si chuma, na zile nyuzi tatu nene zimezungushiwa waya wa shaba iliyopakwa fedha, ambao sumaku haiuoni.

Mbaya kuliko zote ni hii, na nisikilizwe vizuri na bendi zote za matanga. Pikapu za koili moja huvuma, ule mvumo wa chini unaofuata umeme wetu wa hezi 50. Ni tabia yao. Za koili mbili zilianza kufungwa kwenye magitaa ya Gibson mwaka wa 1957 hasa kuuzima. Sasa kuna fundi anayeondoa mvumo kwa kukata waya wa athi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye plagi ya ampu. Wakati mwingine mvumo unapungua kweli, na mteja anafurahi. Ila nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na bodi ya ampu. Siku ampu ikivuja, volti 240 hazina pa kwenda ila kwenye vidole vyako, na midomo ikigusa maikrofoni yenye athi, wewe ndiwe waya. Chini ya turubai, kwenye nyasi zenye umande, saa tisa usiku. Kama plagi yako imechezewa hivyo, usiitumie tena hadi waya huo urudishwe, na mvumo uuache uvume.

Kwako, mwalimu: magitaa matatu huyahitaji. Ufa ukiwa haujapita nusu ya daraja, na supaglu haijaingia, gitaa lako litapona na kurudi kanisani na nailoni yake. Ukitaka lisikike nitaweka pikapu ya mgandamizo, isiyotumia sumaku, chini ya kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi, ambayo haijali chuma wala nailoni. Kwa bendi, tafuta la umeme lililotumika, uje nalo tulikague shingo kabla hujalipa.

Na ukija, beba zile nyuzi za chuma ulizotoa. Kuna gitaa hapa linazisubiri.