Kununua lulu mara ya kwanza: tazama mng'ao, kisha kagua tundu

Mnunuzi mgeni huuliza ukubwa kwanza. Swali hilo lingoje. Anza na mng'ao, kwa sababu ndio unaoipa lulu thamani yake machoni, na ukikosekana siku ya kununua hakuna fundi wa kuurudisha. Isogeze lulu chini ya taa na uangalie taswira ya taa hiyo juu yake. Kwenye lulu nzuri kingo za taswira ni kali, na ukiinama karibu utauona hata uso wako, mdogo na mweusi, katikati. Lulu hafifu hukuonyesha ukungu mweupe tu, kama chaki.

Mng'ao huo hutokana na tabaka nyembamba mno za aragonaiti, madini ya chokaa, ambazo chaza huzipanga moja juu ya nyingine. Zikipangika sawasawa, mwanga hurudi mkali. Zikiwa chache au zimevurugika, mwanga hutawanyika. Ndiyo maana pa kutazamia pana uzito. Taa kali za kabati la duka huifanya karibu kila lulu imetamete, na kitambaa cheusi huzidisha udanganyifu. Omba mkufu uwekwe juu ya kitambaa cheupe kisichong'aa, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Muuzaji mzuri hatakataa.

Mkufu ukiwa pale, unyooshe na uuviringishe polepole kwa vidole. Kuna mambo mawili yatajitokeza. Lulu iliyotobolewa nje ya katikati itayumba wakati wenzake wanazunguka kwa utulivu, na ukiivaa itakaa upande daima. La pili ni baya zaidi: ukiona lulu inabadilika ghafla kutoka nyeupe hadi kijivu na kurudi kadiri inavyozunguka, tabaka lake ni jembamba, na unachokiona ni mistari ya kiini, yaani kijiduara ambacho mfugaji hukiweka ndani ya chaza, kilichochongwa kutoka kwenye ganda la kome. Kasoro hii huzipata hasa akoya, lulu zinazofugwa sana Japani, zilizovunwa mapema. Kwa akoya, tabaka linalokaribia nusu milimita ni zuri. Likiwa jembamba sana huchakaa na kubanduka, kuanzia penye tundu.

Tundu lenyewe lina maneno mengi kuliko muuzaji. Chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 na uchungulie ukingo wake. Lulu ya kweli iliyotobolewa vizuri ina ukingo safi, na mara nyingi unaona mstari unaotenganisha tabaka la nje na kiini. Lulu bandia, iwe ya kioo, plastiki au ganda lililosagwa na kupakwa rangi, huonyesha rangi iliyochanika au kuvimba pembeni mwa tundu. Hapo hapo kagua kama imetiwa rangi: rangi ya kutia hujikusanya ndani ya tundu na kwenye vidoa, na mara nyingine huuchafua hata uzi. Kutia rangi si kosa likisemwa na bei ikilingana. Kosa ni kulipia rangi ya dhahabu ya asili ukapewa rangi ya kopo.

Kusugua lulu kwenye ncha ya meno ya mbele kunasaidia: ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga laini, ya bandia huteleza. Lakini usitegemee kipimo hicho peke yake, kwa kuwa kuna bandia zinazotengenezwa na uso wenye mikwaruzo. Ni bora kusugua lulu mbili taratibu moja kwa nyingine, kwa ruhusa ya mwenye mali. Ongeza na dalili nyingine: plastiki ni nyepesi mno mkononi, na mkufu ambao kila lulu imefanana na jirani yake bila tofauti hata ndogo, kisha bei yake ni ya kutupwa, uwekee shaka.

Jua pia unanunua ya chaza gani. Karibu lulu zote sokoni leo ni za kufugwa, na hizo ni lulu za kweli. Asilia, ambazo hakuna mtu aliyeweka kiini, ni adimu, na uthibitisho wake hutoka maabara ya vito kwa eksirei, si mdomoni mwa muuzaji. Za maji baridi, nyingi kutoka China, huzaliwa ndani ya kome, na kwa kawaida hazina kiini kigumu, hivyo ni tabaka tupu mpaka ndani. Ndizo tunazompendekezea anayeanza. Akoya, inayofugwa sana Japani, ndiyo mviringo mweupe wa mkufu wa kawaida, aghalabu milimita 6 hadi 8. Nyeusi za Tahiti hutoka Polinesia ya Ufaransa na kwa kawaida huanza milimita 8, kwa hiyo ukionyeshwa mkufu wa "Tahiti" wa milimita 5 zote zikiwa nyeusi sawasawa, karibu hakika ni lulu nyingine iliyotiwa rangi. Kubwa nyeupe na za dhahabu za Australia, Indonesia na Ufilipino ndizo ghali.

Herufi za daraja la ubora kama AAA zisikutishe wala zisikutulize. Hakuna chombo kinachozisimamia. Duka moja linaweza kuziita AAA zile ambazo jirani anaziita A. Uliza badala yake aina, ukubwa kwa milimita, kama zimetiwa rangi au kupaushwa, na yote hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na masharti ya kurudisha.

Fedha ikiwa chache, punguza ukubwa au ukamilifu wa mviringo, usipunguze mng'ao. Milimita moja ya ziada hupandisha bei sana huku mtu wa hatua mbili mbele yako haioni. Kidoa kidogo karibu na tundu hakionekani kikivaliwa. Zenye umbo lisilo la duara, zikiwa na mng'ao mkali, huvutia kuliko duara lililofifia.

Mkufu wa sentimita 45 hivi hutua chini kidogo ya mfupa wa mtulinga na hukubaliana na nguo nyingi. Angalia kuwe na fundo kati ya kila lulu na lulu: uzi ukikatika utapoteza moja tu, na lulu hazisagani. Kifungio kiwe na alama ya madini, 925 kwa fedha au 750 kwa dhahabu ya karati 18. Kwenye hereni, ishike lulu na ujaribu kuizungusha kwa upole; ikizunguka, gundi imeachia. Pete ya lulu ya kuvaa kila siku hatuishauri, maana mkono hugonga kila kitu na lulu ni laini: ugumu wake ni 2.5 hadi 4.5 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, wakati chembe za mchanga zilizo kwenye vumbi la kawaida hufika 7.

Kwa sababu hiyo hiyo, usifute lulu kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Tumia laini chenye unyevu kidogo kila unapoivua, kwani asidi ya jasho na kemikali za manukato hula tabaka. Jipulizie manukato kwanza, vaa lulu mwisho. Siki, amonia na mashine ya kusafishia kwa mtetemo ni marufuku. Ihifadhi imelazwa, si kutundikwa, ndani ya mfuko wa kitambaa. Uzi wa hariri hunyumbuka. Ukiona pengo kati ya lulu na fundo, usiuvae mkufu huo mpaka sonara aufunge upya, na kwa anayeuvaa kila wiki hilo hufanyika kila mwaka mmoja au miwili.