Harbeth, KEF au Genelec kwa sebule ndogo ya vigae?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimejichanga kwa muda mrefu ninunue spika ndogo za hali ya juu za kusikilizia nyumbani, na sasa nimebaki na majina matatu: Harbeth P3ESR, KEF LS50 Meta na Genelec 8030C. Sebule yangu ni mita 4 kwa 3.5, dari ipo mita 2.7, sakafu ni vigae na kuta ni tofali za saruji. Nyuma ya spika siwezi kuacha zaidi ya sentimita 30, na kiti changu kipo mita 2 mbele yake. Nina amplifaya ya wati 40 kwa omu 8. Nasikiliza taarabu ya zamani na jazi, mara nyingi usiku watoto wakiwa wamelala. Nichukue ipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salama, ndugu yangu, na ahsante kwa kuleta vipimo vya chumba. Wengi huniuliza spika ipi ni bora bila kusema itakaa wapi, na bila hilo siwezi kuwajibu kwa haki. Kwa hali yako wewe, ningechukua Harbeth.

Tuanze na besi, maana hapo ndipo chumba kina nguvu kuliko spika. Sauti hugonga na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana, na kila umbali una masafa yake yanayovimba, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Kwa joto la Pwani sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa mara mbili ya umbali: mita zako 4 zinatoa hezi 43, mita 3.5 zinatoa hezi 50, na dari hezi 64. Ukuta wa tofali za saruji haulegei hata kidogo, kwa hiyo besi hiyo haina pa kutokea, inazunguka humo humo. Spika kubwa ya kushuka hadi hezi 30 ingekurindimia usiku kucha. Hizi ndogo hufifia kabla ya kufika huko chini, na hilo kwako ni faida. Noti ya chini kabisa ya besi kubwa ya kusimama, ile ala ya nyuzi ya jazi, ni hezi 41, lakini sikio huitambua hata kwa kusikia sauti za juu zinazofuatana nayo.

Ukuta wa nyuma nao huongeza besi. Harbeth ni kasha lililofungwa kabisa, na besi yake hupungua taratibu, kama desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila masafa yanaposhuka kwa nusu, hivyo ukuta unajaza pale ilipopungua. KEF na Genelec zina tundu la hewa nyuma. Sisemi haziwezi kukaa karibu na ukuta: KEF huja na vizibo vya sponji vya kuziba tundu, na Genelec ina swichi za kupunguza besi. Ila itabidi ucheze nazo mpaka zikae sawa.

Kinachoniamulia zaidi ni amplifaya yako. KEF imeandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha spika inavyozuia umeme; zikiwa chache, amplifaya hubeba mzigo mkubwa zaidi), lakini kwenye baadhi ya masafa hushuka hadi omu 3.5. Amplifaya ambayo mtengenezaji wake ametaja omu 8 tu inaweza kuchemka au kujizima kwa mzigo huo. Angalia nyuma ya yako kama inaruhusu omu 4. Harbeth ni omu 6 na ni mzigo mpole. Kweli ni nzito kusukumwa, kwa umeme ule ule hutoa desibeli 83.5 tu dhidi ya 85 za KEF, lakini piga hesabu: wati 40 kwa spika mbili, ukiwa mita 2, zinakupa vilele vya desibeli 96 hivi. Kwa usiku wa nyumba yenye watoto hutafika hata nusu ya wati.

Halafu kuna muziki wenyewe. Miaka ya 1970 BBC ilihitaji spika ya kuingia kwenye magari ya matangazo ya nje, mahali pasipo na nafasi, ili mafundi wapime sauti ya msemaji kwa uhakika. Ikazaliwa LS3/5A, na spika zake za ndani, wufa ya sauti nene na twita ya sauti nyembamba, zilitengenezwa na KEF. Dudley Harwood, aliyekuwa mhandisi wa BBC, alianzisha Harbeth mwaka 1977, na P3ESR imeshika njia ile ile: sauti ya mtu kwanza. Kwa taarabu, ambako mwimbaji na fidla ndio kila kitu, mimi naisikia tofauti hiyo wazi hata sauti ikiwa chini sana.

Ningebadili mawazo kwa hali mbili. Kama una amplifaya imara na familia nzima hukaa huku na huku sebuleni, KEF: twita yake imekaa katikati ya wufa, kwa hiyo ukiinuka au ukisogea pembeni sauti haibadiliki sana. Na kama usingekuwa na amplifaya kabisa, Genelec, kwa sababu amplifaya zake zimo ndani. Ni spika ya kweli mno. Mikwaruzo ya kanda za zamani itakusimulia yote. 8030C hupokea plagi ya XLR tu, ile ya vifaa vya studio, hivyo kwa vifaa vya nyumbani ulizia G Three, ndugu yake yenye RCA, plagi ya kawaida ya redio za nyumbani. Kumbuka kila moja inataka soketi yake ya umeme.

Ukipata nafasi ya kuzilinganisha dukani, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti kwa kipimo, ukiwa kwenye kiti. Tofauti ya desibeli moja tu hukufanya uipende ile inayopiga juu, na hutajua kwa nini.

Vigae vyako vinanitia wasiwasi kuliko chaguo lenyewe. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio wa haraka unaotetema, twita yoyote itachoma masikio. Mkeka ni mwembamba mno kwa kazi hii. Tandika zulia nene kati yako na spika, weka pazia nzito dirishani, na kabati la vitabu ukuta wa pembeni. Fanya hayo kabla ya kufikiria waya za bei mbaya. Kisha pima kimo cha sikio lako ukiwa umekaa, na umwagize fundi vyuma stendi zitakazoifikisha twita hapo, zenye bomba unaloweza kulijaza mchanga mkavu.