Usilipe bado: kagua pete za fimbo kwanza

Usilipe. Na kama umeshalipa, mwambie muuzaji asitume kifurushi mpaka umalize kusoma hapa.

Kwa wanaoufungua uzi sasa hivi: mwenzetu ana laki mbili. Ameona mtandaoni seti ya fimbo ya bass: futi 7, kipande kimoja, imeandikwa MH (medium heavy, yaani ugumu wa kati kuelekea mzito), rili ya ngoma inayokaa juu ya fimbo, mshipi wa kusuka na boksi la chambo bandia. Anataka kuvulia ufukweni Fumba, Unguja, na siku nyengine atoke na ngalawa ya ami yake. Anauliza anunue au asinunue, rili iwe na kasi gani, mshipi gani, chambo cha rangi gani, na kama kuna kibali cha kuchukua.

Nakujibu kwa jambo moja, maana ndilo linalokula pesa za watu: pete. Vile viduara ambamo mshipi unapita. Kabla hujauliza kaboni ni asilimia ngapi, kabla hujauliza rili ina beringi ngapi, kagua pete. Somo hili nimelilipia zaidi ya mara moja, na inaniuma kumuona mwengine anapanga foleni palepale.

Kwanza ujue unachouziwa. Bass ni samaki wa maji matamu, asili yake Marekani. Karibu nasi utampata Ziwa Naivasha, Kenya, alikopelekwa mwaka 1929. Bahari ya Unguja na Pemba haina bass. Rekodi yake ya dunia ni kilo 10 na kidogo, aliyemvua George Perry kule Georgia mwaka 1932, na wengi wanaomvua huko wanarudi na wa kilo moja au mbili. Meno yake ni kama msasa, hayakati mshipi. Fimbo yake ikatengenezwa kwa mahitaji hayo: chambo cha gramu 7 hadi 28, maji matamu, mshipi mwembamba mpaka mwisho. Sasa iweke Fumba. Chumvi, matumbawe, mzia mwenye meno ya wembe, na kolekole, ambaye mkubwa wake anapita kilo 50. Hiyo si fimbo mbovu. Ni fimbo ya mahali pengine.

Na kwenye seti za bei ya chini, mahali pa kwanza panapoharibika ni pete. Nitaeleza inavyokuwa, kwa sababu wauzaji hawaelezi.

Pete ina sehemu mbili. Kuna fremu ya chuma yenye mguu mmoja au miwili, na ndani yake duara la kauri ambalo ndilo linalogusana na mshipi. Mguu unalazwa juu ya fimbo, unazungushiwa uzi, kisha unapakwa gundi ya epoksi mpaka unang'aa kama umepigwa vanishi. Fremu nzuri ni ya chuma kisichoshika kutu. Fremu rahisi ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi au kromu. Dukani zote mbili zinameta sawasawa, huwezi kuzitenganisha kwa jicho la haraka.

Maji ya chumvi hayaanzi kula pale unapoona. Yanaanza pale mguu unapoingia chini ya uzi, kwenye kijitundu kidogo ambacho epoksi haikujaa. Yakishaingia hayatoki, hata uoshe vipi. Kromu inabambuka ndani kwa ndani, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, epoksi inapasuka. Na fimbo ikiwa ya kaboni ndiyo mbaya zaidi: kaboni inapitisha umeme, na chuma kikigusana nayo ndani ya maji ya chumvi kinaliwa haraka kuliko kingekuwa peke yake. Dalili ya kwanza ni doa la kahawia chini ya uzi, mithili ya tone la chai lililopenya kwenye kitambaa. Ukiliona doa hilo, mguu umeshaanza kuliwa. Hautokatika ukiwa unarusha. Utakatika siku samaki mzito anavuta, fimbo imepinda, na pete ikiondoka pale katikati uzito wote unahamia sehemu moja ya fimbo. Fimbo inavunjika. Watu husema samaki alikuwa mkubwa mno. Kumbe ilikuwa ni kutu.

La pili ni kauri yenyewe. Katika pete rahisi imebandikwa kwa gundi tu. Fimbo ikigonga ubavu wa ngalawa, au ikilazwa kwenye jiwe, kauri inaingia ufa mwembamba kama unywele. Huuoni. Mshipi wa kusuka unauona. Kila ukirusha na kukusanya, ufa unanyoa nyuzi chache, na mshipi unakatika bila sababu, tena sehemu ambayo haikugusa mwamba wowote. Mtu anabadilisha mshipi mara mbili, mara tatu, kila mara analaumu mshipi. Pesa za mishipi hiyo zingenunua fimbo ya pili. Na pete nyengine hazina kauri kabisa, ni chuma kitupu kilichopakwa rangi. Hizo mshipi wa kusuka, ukishabeba chumvi na mchanga, unazichimba mifereji kama msumeno.

La tatu ni la fimbo hiyo uliyoitaja hasa. Fimbo nyingi za bass siku hizi zina pete ndogo sana, kwa sababu huko hakuna haja ya kupitisha kitu kinene. Kwetu lazima ufunge kipande cha nailoni nene mbele ya mshipi wa kusuka, milimita 0.60 au 0.70, la sivyo tumbawe la kwanza litaukata. Fundo la kuunganishia hilo linapita kwenye pete kila unaporusha. Pete ikiwa ndogo, fundo linagonga, chambo kinarudi nyuma au kinakatika kikaenda zake, na baada ya kugongwa mara nyingi kauri inang'oka. Chukua njiti mbili za kibiriti uzipitishe pamoja kwenye pete ya ncha. Zisipopita, achana nayo.

Basi ukienda dukani, fanya hivi, na usione haya muuzaji akikutazama. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, iguse fremu ya pete. Ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida, rudisha fimbo. Ikivuta kidogo tu au isivute, endelea. Kisha chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, ukizungushe taratibu ndani ya kila pete, ndani kote, usikimbie. Pamba ikiacha hata unyuzi mmoja mweupe umenasa, pana ufa au mkwaruzo. Pete ya ncha izungushie mara mbili, maana ndiyo inayobeba msuguano mwingi. Halafu hesabu pete: fimbo ya futi 8 au 9 iwe na takriban moja kwa kila futi, ukiacha ya ncha. Zikiwa nne au tano tu, fimbo ikipinda mshipi unakwenda njia yake na fimbo njia yake, na nguvu haigawanyiki. Mwisho, funga jicho moja uchungulie kutoka kwenye mpini. Pete zote zikae mstari mmoja.

Fimbo za kukunja kama antena ya redio hazifiki hata kwenye vipimo hivi. Pete zake zimebandikwa kwenye miisho ya vipande, kwa hiyo zinakaa chache na mahali pasipofaa, na mchanga ukiingia kwenye viungo vile hukunji tena wala hukunjui. Usinunue.

Hapa niseme la moyoni. Wanaotupoteza ni wa aina mbili. Kuna wanaouza "seti kamili", wanakuhesabia beringi na chambo 60 za rangi zote, lakini ukiwaomba picha ya mguu wa pete kwa karibu wanakaa kimya. Mimi mmoja alinijibu "zote ni za baharini, usiwe na wasiwasi", na pete zilikuwa na madoa kabla kusi haijaisha. Na kuna mabwana wa video wanaovua kwenye maziwa ya watu, maji yametulia kama sinia, wanasema MH inatosha kila kitu. Kwao inatosha kweli. Ila hawajarusha chubwi la gramu 80 wakati wa bamvu, maji yanatoka Fumba kwa kasi. Fimbo iliyoandikwa mwisho gramu 28 ukiipa gramu 80 ukairusha kwa nguvu, inakatika mkononi, hakuna samaki aliyehusika. Soma maandishi yaliyo juu kidogo ya mpini. Yakiwa kwa aunsi, aunsi moja ni gramu 28. Yakiwa kwa pauni, pauni mbili zinakaribia kilo moja.

Sasa laki mbili uzifanye nini.

Kwa ufukweni tafuta fimbo ya vipande viwili, urefu mita 2.4 hadi 2.7, ya kurusha gramu 15 hadi 50, aina ambayo rili inaning'inia chini. Pete ya kwanza karibu na rili iwe kubwa, kama milimita 25 au 30, kwa sababu mshipi unatoka kwenye rili hiyo kwa mizunguko na unahitaji nafasi. Ndiyo maana huwezi kuichukua fimbo ya rili ya ngoma ukaifunga rili ya kuning'inia: pete ya kwanza ni ndogo, mshipi unapigapiga fimbo, na chambo kinaanguka karibu. Fimbo ya rili ya ngoma utaijua kwa kile kitriga cha kushikia kidole chini ya mpini. Vipande viwili vitakufaa hata kwenye daladala. Hebu fikiria mita mbili na zaidi zisizokatika katikati ya abiria.

Usione haya kuchukua fimbo ya faiba ya kioo badala ya kaboni. Ni nzito kidogo na haina mrusho mkali, lakini inavumilia kugongwa. Kaboni rahisi ikipata mkwaruzo kwenye ngalawa leo, inavunjika wiki ijayo mahali palepale. Faiba yenye pete nzuri naipa nafasi mbele ya kaboni yenye pete mbovu, siku yoyote.

Bora zaidi ni ya mtumba. Nungwi kuna boti za kuvua na wageni, na fimbo zao za zamani mara nyengine zinauzwa. Ikague vilevile. Ikiwa pete ya ncha tu ndiyo mbovu, omba punguzo uinunue, kwa sababu ile ndiyo nyepesi kubadilisha: ipashe moto kidogo kwa kiberiti cha gesi, moto uguse chuma cha pete na si fimbo, ivute kwa koleo gundi ikilainika, kisha bandika mpya ya kipenyo kilekile kwa gundi ya kuyeyusha, uisawazishe na nyengine kabla haijapoa. Pete za katikati ni kazi ya wembe, uzi na epoksi, na epoksi uiache siku nzima ikauke ukiizungusha mwanzoni isichuruzike. Inawezekana kabisa nyumbani. Lakini pete tatu zikiwa na doa la kahawia, muachie mwenyewe fimbo yake.

Laki moja weka kwenye fimbo. Sabini elfu kwenye rili ya saizi 4000 au 5000. Zinazobaki ni za mshipi wa kusuka wa pauni 20 hadi 30 (ndio uzito unaoubeba kabla haujakatika), mita 150 zinatosha, pamoja na nailoni nene ya mbele, mita moja kila unapofunga. Wakati wa mzia ongeza waya wa sentimita 15 karibu na ndoana. Breki ya rili ipime kwa mzani wa kuning'iniza: kwa mshipi wa pauni 30 ianze kuachia kwenye kilo 3, si zaidi.

Kwenye ngalawa ya ami usipeleke fimbo yoyote kwa sasa. Kama mnatia nanga mnavua changu na chewa chini, mshipi wa mkono unafanya kazi hiyo vizuri kuliko fimbo ya laki, unasikia kila mguso kwenye kidole, na hauna pete ya kushika kutu. Tena ami atakufundisha bure.

Ukirudi nyumbani, tenganisha vipande siku ileile, maana chumvi ikikaukia kwenye kiungo vinagandana. Osha kwa maji matamu, kila mguu wa pete uupitishie kitambaa kibichi kisha kikavu, weka kivulini. Kwenye kiungo sugua nta ya mshumaa kidogo.

Ukishaona fimbo unayoitaka, nipigie picha tatu uziweke hapahapa: maandishi ya juu ya mpini, pete ya kwanza, na mguu wa pete ya pili kutoka kwenye ncha, kwa karibu, na mwanga utoke ubavuni ili doa lionekane. Nitakujibu usiku uleule.