Kwa mwinjilisti anayetaka kuomba uhamisho: nami niliwahi kuiandika hiyo barua

Bwana Yesu asifiwe mleta mada, na wakuu wengine humu.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Unasema una miezi tisa kwenye mtaa (tawi dogo la usharika) uliopangiwa, ibada haizidi watu kumi na tano, ukianza kuhubiri vijana wanatoa simu, na yule bibi wa benchi la mbele anasinzia hadi kilemba kinaanguka. Sasa unajiuliza kama uliitwa au ulijiita mwenyewe. Barua ya uhamisho ushaiandika, imebaki kuipeleka kwa mchungaji wa usharika. Waliotangulia kukujibu wengi wamekwambia ukung'ute mavumbi uondoke. Mimi nakuomba usubiri kidogo.

Mwaka 2009 nilipelekwa mtaa mmoja Handeni ndani ndani. Nilikuwa na miaka 26, nimetoka chuo cha uinjilisti na suti moja na moto mwingi. Jumapili ya kwanza nilihesabu watu 11, wanne kati yao watoto wa mzee mmoja wa kanisa. Kanisa la miti na udongo, bati bila dari. Ikifika saa tano, jua likikolea, bati linaanza kulia ta, ta, ta, na mimi ndiyo kwanza niko pointi ya pili. Nilikuwa nahubiri dakika hamsini.

Kulikuwa na babu mmoja. Akisikia tu "tufungue maandiko" anabeba kigoda chake taratibu, anatoka, anakwenda kukaa chini ya mkwaju na ugoro wake. Hana ugomvi na mtu. Ila ibada ikiisha, tukitoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, wa kwanza ni yeye. Kuku wa elfu tano anampandisha mpaka elfu nane huku akiwatania wenzake, watu wanacheka hadi wanashika mbavu. Mimi nimesimama na Biblia kwapani. Kumbe hawa watu wana uhai, isipokuwa mbele yangu!

Nikafanya kile ambacho nahisi na wewe unakifanya: nikakazana. Sauti ikapanda, maneno yakawa makali, nikajifariji kwamba nabii hana heshima kwao. (Niseme hili kwa upendo: huo mstari watumishi tumeugeuza mwavuli. Yesu aliyasema yale Nazareti, kwa watu waliomwona akikua. Mimi na wewe tumepangiwa ugenini, na kuna Jumapili mahubiri yetu yalikuwa hayajaiva tu.) Mzee mmoja wa kanisa alinifuata akaniuliza kwa upole, "Mwinjilisti, leo tena umetugombeza. Tumekukosea nini?" Mimi nikaona huo ndio ushahidi wa mioyo migumu. Jioni ile nikaandika barua ya uhamisho.

Sasa nikueleze habari ya saruji. Nyuma ya kanisa palikuwa na mifuko sita ya saruji iliyoganda. Karatasi ilishachanika ikapeperushwa na upepo, yamebaki mawe yenye umbo la mfuko, kona zake za mviringo zinaonekana vizuri kabisa. Asubuhi pana kivuli pale, nami ndipo nilipokuwa nakaa kuandaa mahubiri. Mwaka mzima na nusu nimeikalia saruji ile, na sikuwahi kumuuliza mtu ilifikaje.

Aliyeniambia ni mama mmoja mjane. Nilikwenda kumwombea mguu, nikamkuta anapukuchua mahindi. Siku hiyo, sijui kwa nini, sikufungua Biblia. Nikaokota gunzi nikaanza kumsaidia. Tulikaribia kujaza debe hatujasema neno la maana. Halafu, bila kuinua macho, akaniuliza, "Wewe unajua kama pale nyuma huwa unakalia hela zetu?"

Kumbe kabla yangu alikuwapo mtumishi aliyehubiri watu wakalia machozi. Walijaa hadi madirishani. Akawaambia wajenge kanisa la tofali, wakachanga. Wengine waliuza mbuzi, yeye mama aliuza magunia mawili ya mahindi na mwaka ule haukuwa na mvua. Ikaja mifuko sita. Hela zilizobaki hazikujulikana zilikokwenda, mtumishi akahamishwa kimya kimya, na hakuna mkubwa yeyote aliyefika hata kusema pole. "Na alikuwa anajua kuhubiri kukupita wewe," akamalizia. Hakulisema kwa ubaya, nami sikuweza kubisha.

Usiku ule nikarudi kwa Ezekieli. Sura ya 2 na ya 3 nilikuwa nazijua kwa sababu zilikuwa silaha yangu: nyumba yenye kuasi, wasikie wasisikie wewe sema. Nilichokuwa nakiruka ni 3:15. Ezekieli amekula gombo, amejazwa maneno, anafika kwa wahamishwa kule mto Kebari, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukaa. Siku saba amekaa katikati yao, amepigwa na bumbuwazi. Ndipo neno la kuwekwa mlinzi linamjia. Mimi siku saba zangu sikuwa nimezikaa, labda uhesabu zile za juu ya saruji.

Nikaenda mpaka mwisho wa sura ya 33. Pale watu wanakuja, wanaketi mbele ya nabii, wanamsikiliza kama mwimbaji mwenye sauti tamu anayejua kupiga kinanda, kisha hawatendi hata neno moja. Kwa hiyo na kanisa lililojaa linaweza kuwa halisikii. Mwenzangu yule alilijaza, nami nilikuwa namwonea wivu mtu nisiyemjua.

Nilimfuata mchungaji wa usharika, nikamweleza. Alichukua miezi minne kuja, lakini alikuja, akasimama mbele ya watu akaomba radhi kwa niaba ya kanisa. Hela hazikurudi. Mahubiri nikayashusha hadi dakika ishirini, na mchana wa katikati ya wiki nikawa shambani na majumbani kwa watu, mara nyingi bila Biblia mkononi. Usidhani palitokea uamsho. Naondoka 2015 tulikuwa 34, na ukuta wa tofali umefika usawa wa renta. Babu wa mkwaju hakuwahi kukaa ndani wakati wa mahubiri. Mwaka wa nne hivi alianza kuweka kigoda chake upande wa dirishani. Sitakudanganya kwamba alikuwa ananisikiliza, huenda kivuli kilihama.

Chuoni tulifundishwa habari za Rebmann, mmisionari Mjerumani, nikazipita kama somo la mtihani. Alifika Mombasa 1846 kumkuta mmisionari mwenzake Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na mtoto pale pale. Rebmann akakaa pwani, zaidi Rabai, hadi 1875, na waongofu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1848 aliiona Kilimanjaro akaandika kwamba juu kuna theluji, wasomi wa Ulaya wakambishia. Rabai hawamsikii, London hawamwamini! Akawa anakaa na watu, anakusanya maneno ya lugha zao, anatunga kamusi. Alirudi kwao karibu kipofu, akafa mwaka uliofuata. Sikupi habari zake ili ukae miaka 29. Nakupa kwa sababu umeuliza kama watu kutokukusikiliza ni dalili kwamba hukuitwa, na kwa kipimo hicho Rebmann hakuitwa, Ezekieli hakuitwa, na Yeremia ndiyo kabisa.

Mimi nilijipima kwa njia ya aibu kidogo. Jumapili moja nilisingizia malaria nikalala. Nyumba ilikuwa hatua chache kutoka kanisani. Nikasikia kwaya ya watu saba inaanza wimbo, sauti ya nne haipo kwa sababu sauti ya nne ni mimi. Sikufika ubeti wa pili, nikavaa shati nikaenda. Yeremia 20:9 anasema ni moto uliofungwa ndani ya mifupa. Wangu ulikuwa mdogo, lakini ulinitoa kitandani.

Kama posho haiji na watoto wanalala njaa, au kuna mtu anakutishia maisha, hilo ni jambo jingine. Mwambie mchungaji leo leo, usione haya.

Kama si hayo, barua iweke chini ya godoro mpaka mavuno. Wiki hii nenda kwa yule bibi wa benchi la mbele, mkute na kazi yoyote aliyonayo, umsaidie. Muulize kabla yako alikuwapo nani, na aliondokaje. Halafu rudi kwenye uzi huu utuambie alichokujibu.